Tulimbeba, sasa hatembei: je, tulikosea?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina genge la mboga na matunda huku Mzinga, Morogoro. Masika yaliyopita kijana mmoja wa bodaboda, jirani yetu, aliteleza kwenye kona iliyo karibu na genge langu. Abiria wake alichubuka tu. Yeye alirushwa mpaka mtaroni. Tulipomkimbilia tulimkuta na fahamu zake, analalamika mgongo na anasema, "Miguu siisikii." Paja lilikuwa limechanika, damu inatoka sana.

Watu wakajaa, kila mmoja anasema lake. Mimi ndiye niliyepiga kelele, "Mnamtazama nini? Mnyanyueni, muwahisheni hospitali!" Vijana wakamshika mikono na miguu, wakamtoa mtaroni, wakampakia mshikaki kwenye bodaboda nyingine, dereva mbele na mwingine nyuma akimshikilia. Njia nzima alikuwa anayumba.

Namshukuru Mungu hakufa, lakini mpaka leo hatembei. Mama yake mdogo anasema mtaani kwamba sisi ndio tuliomvunja mgongo. Shemeji yangu, aliyewahi kufundishwa huduma ya kwanza kazini kwake, anasema majeruhi haguswi hata kidogo mpaka gari la wagonjwa lifike. Mume wangu anasema tungemwacha angekufa kwa damu pale pale. Mimi silali. Je, tulikosea? Ikitokea tena tumbebe au tumwache? Wengine siku ile walikaa pembeni wakisema hawataki mambo ya polisi na PF3. Na huyu kijana, niende kumwona au nijikalie kwangu?

Mama Genge, Mzinga

*

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza mengi, ila naanza na lile linalokunyima usingizi. Umeandika kwamba kijana alisema miguu haisikii alipokuwa bado yuko mtaroni, kabla mkono wa mtu yeyote haujamgusa. Maneno hayo yana uzito mkubwa. Mtu anayeanguka kisha pale pale akakosa hisia za miguu, kwa kawaida uti wake wa mgongo umeshaumia wakati wa kuanguka. Kwa hiyo anayetangaza mtaani kwamba ninyi ndio mliomvunja anasema jambo lisilolingana na ulichokiona na kukisikia kwa masikio yako.

Lakini sitakudanganya ili ulale. Ndani ya pingili za mgongo mmepita uti, ambao ndio njia ya mawasiliano kati ya ubongo na mwili. Pingili ikivunjika au kuteguka, uti unaweza kuwa umebanwa kidogo, umebanwa sana au umekatika. Kila mgongo unapopinda na kuzunguka baada ya hapo, kipande kilicholegea kinaweza kuongeza jeraha. Kumshika mtu mikono na miguu humkunja kiuno. Kumkalisha kwenye pikipiki juu ya barabara ya mashimo humtikisa pale pale palipoumia. Inawezekana safari ile iliongeza madhara, na inawezekana haikubadilisha chochote. Hata daktari aliyempiga picha hospitalini ni vigumu akutenganishie jeraha la kuanguka na jeraha la kubebwa. Basi usiubebe mzigo wote kana kwamba wewe ndiye uliyemwangusha, lakini usilitupe funzo lililomo.

Sasa shemeji yako na mume wako. Kila mmoja ameshika nusu ya jibu, ndiyo maana ubishi wao hauishi.

Kanuni ya shemeji, kwamba majeruhi asiguswe, ni kanuni nzuri yenye sharti ndani yake: ilitungwa kwa kudhani kwamba simu moja italeta gari la wagonjwa baada ya dakika chache, likiwa na ubao, kola ya shingo na watu waliofunzwa. Penye huduma hiyo, kazi ya mpita njia ni kumtuliza majeruhi na kungoja. Wewe na mimi tunajua hali ilivyo kwenye barabara zetu. Mara nyingi gari la kwanza kufika ni kirikuu cha mtu anayetoka sokoni, au Fuso lililopakia kabichi za Mgeta. Ukimwambia mtu wa Mzinga, au wa Kinole, au wa Matombo huko mlimani, kwamba asimguse majeruhi mpaka ambulansi ije, utakuwa umempa nusu ya fundisho na kumwachia nusu ngumu.

Kanuni ya mume wako, kwamba akiachwa atakufa, nayo ina ukweli. Damu inayotoka kwa kasi kwenye paja inaweza kumuua mtu mzima kwa dakika chache. Lakini damu hiyo haizibwi na safari. Huzibwa na mikono, pale pale alipolala. Bodaboda ikienda mbio kiasi gani, paja lisilobanwa litaendelea kuvuja njia nzima. Hapa ndipo ninapotaka uniangalie vizuri: haraka ilihitajika, ila mliipeleka kwenye miguu badala ya kuipeleka kwenye mikono.

Kwa hiyo swali la "tumbebe au tumwache" nakushauri ulibadilishe. Jiulize hivi: je, hapa alipolala pana kitu kitakachomuua kabla msaada haujafika? Kikiwepo, mwondoe sasa hivi, hata kama mgongo umeumia, kwa sababu uti uliopona ndani ya maiti haumfai mtu. Kisipokuwepo, mhudumie hapo hapo, na kumhamisha kuwe kazi ya mwisho.

Vitu vinavyohalalisha kumwondoa mara moja si vingi. Moto, au mafuta yaliyomwagika. Maji, kama amelala kwenye mto au mtaro unaojaa. Magari yanayoendelea kupita kwa kasi na hamna namna ya kuyasimamisha. Ukuta, mti au udongo unaoporomoka, jambo ambalo watu wa milima ya Uluguru hawahitaji kuelezwa wakati wa masika. Na cha mwisho, pale ambapo hapumui, au anavuja damu mahali usipoweza kufikia, na namna pekee ya kumsaidia ni kumtoa kwanza alipobanwa.

Mfano wa kumwondoa haraka tuliupata Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ndani ya Ziwa Victoria, karibu kabisa na uwanja, ikiwa na watu 43. Waliokuwa jirani zaidi ni wavuvi na mitumbwi yao, akiwemo kijana Majaliwa Jackson, ambaye baadaye aliingizwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Watu 24 walitoka hai, 19 walifariki. Pale hakukuwa na nafasi ya kuuliza nani ameumia shingo. Maji yalikuwa yanaingia, na anayesubiri kola ya shingo ndani ya maji anazama. Waliowavuta watu nje walifanya sawasawa.

Mfano wa upande wa pili tunao hapa hapa mjini kwetu. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu. Watu walilisogelea kwa mamia, wengi wakichota petroli, wengine wakitazama tu. Likalipuka. Waliofariki, pamoja na waliofia hospitalini siku zilizofuata, walizidi 100, na majeruhi wengi ilibidi wapelekwe Muhimbili. Najua huhitaji kukumbushwa, kwani Morogoro nzima ilizika. Naitaja ajali hiyo kwa sababu moja: penye mafuta, jambo la kwanza ni kusogea mbali na kuwazuia wengine wasisogee. Kama yupo majeruhi unayeweza kumfikia, anavutwa haraka na watu wachache, bila sigara, bila kuwasha pikipiki karibu naye, na umati unakaa mbali.

Turudi kwenye kona yenu. Kwa maelezo yako hapakuwa na moto wala mafuta. Kama mtaro ulikuwa unapitisha maji na uso wa kijana ulikuwa karibu nayo, kumtoa kulikuwa lazima. Kama ulikuwa mkavu, mlikuwa na nafasi ya kufanya haya ninayokueleza sasa. Yasome polepole, kisha mwite mume wako na shemeji wayasome pia.

Kwanza ni barabara yenyewe. Kabla hujainama kwa majeruhi, tuma watu wawili, mmoja kila upande, wasimamishe magari mbali kabla ya kona. Matawi ya miti barabarani kila dereva wa Tanzania anayaelewa. Zima injini ya pikipiki iliyoanguka. Mtu mmoja, umtaje kwa jina, apige simu: 112 ni polisi, 114 ni Zimamoto na Uokoaji. Ile 115 inayotangazwa sana ni ya mpango wa m-mama, kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Ukisema tu "jamani pigeni simu," kila mtu atadhani mwenzake ameshapiga.

Pili, mwendee majeruhi kutoka upande anaotazama, ili asigeuze shingo kukutafuta. Mwambie asijisogeze na akujibu kwa mdomo bila kutikisa kichwa. Kama waliolala ni wengi, anza na walio kimya. Anayepiga kelele ana pumzi. Aliyenyamaza ndiye anayeweza kuwa anakata roho.

Tatu, damu. Kunja kanga au shati mara kadhaa, weka juu ya jeraha, kisha kandamiza kwa mikono miwili na uzito wa mwili wako. Usifunue kila mara kuangalia kama imekoma. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na uendelee kukandamiza. Kama una mfuko safi, hata ule wa mkate, uvae mkononi kwanza. Damu ikiwa inaruka na haikubali, na jeraha liko kwenye mkono au mguu, chukua kitambaa chenye upana wa vidole vitatu au vinne, zungushia juu ya jeraha kuelekea mwilini, umbali wa vidole vitatu hivi na pasiwe kwenye kiungo, funga, pitisha kijiti na ukisokote mpaka damu isimame. Itamuuma sana, mvumilie. Kumbuka saa uliyofunga, wala usilegeze njiani. Waya na kamba nyembamba hukata nyama, usizitumie. Na kitu kilichomchoma kikabaki ndani, kiwe chuma au mti, hakichomolewi, kwa kuwa huenda ndicho kilichoziba mshipa.

Nne, pumzi. Mtu aliyepoteza fahamu huku amelala chali anaweza kukabwa na damu, matapishi au ulimi wake mwenyewe. Huyo lazima ageuzwe ubavu, hata ukihofia mgongo, kwa sababu pumzi hutangulia mgongo. Mgeuze kichwa na kiwiliwili kwa pamoja. Asiyepumua kabisa mlaze chali mahali pagumu, weka kiganja katikati ya kifua na cha pili juu yake, ukandamize kwa kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana mpaka apumue au wataalamu wafike. Kofia ngumu usiivue, isipokuwa inamzuia kupumua au huwezi kumsaidia apumue bila kuivua. Ikibidi ivuliwe, mmoja ashikilie shingo na taya, mwingine aivute polepole.

Tano, mtulize mgongo. Mtu mmoja apige magoti kichwani pake, amshike kichwa kwa mikono miwili, pande zote mbili, katika hali ile ile aliyokutwa nayo. Asikinyooshe kwa nguvu kama kinagoma au kinamuuma. Kazi yake ni hiyo tu. Wengine wamfunike kanga asipate baridi. Maji, soda na uji asipewe hata akiomba, kwani akihitaji upasuaji chakula kilichomo tumboni kitamletea hatari nyingine. Ukikutana na jirani anayetaka kumnyoosha mguu au kumkanda mgongo, mwondoe kwa heshima, lakini mwondoe.

Nani achukuliwe kuwa ameumia mgongo? Yeyote aliyerushwa kutoka kwenye chombo, aliyegongwa, aliyeanguka kutoka juu kuliko kimo chake, na kwetu huku msisahau wanaodondoka kwenye minazi, mifenesi na miembe, kisha akalalamika shingo au mgongo, ganzi, udhaifu wa mikono au miguu, au akajikojolea bila kujua. Aliyepoteza fahamu naye mhesabuni hivyo hivyo, maana hawezi kujieleza. Kijana wenu alijieleza kwa sauti, mwanangu. Sentensi ile ya miguu ingetosha kusimamisha kila mkono uliokuwa tayari kumnyanyua.

Hayo yote yakishafanyika, na simu imethibitisha kwamba gari la wagonjwa haliji au litachelewa mno, ndipo mnamhamisha. Hapa ndipo shemeji yako alipoishia, na hapa ndipo fundisho la kwetu linapoanza.

Kama hatari ni kubwa na uko peke yako au mko wawili, mvute kwa urefu wa mwili wake, kichwa kikitangulia. Shika nguo yake mabegani, mikono yako ya mbele iwe imekibana kichwa chake kila upande, urudi nyuma ukiwa umeinama. Usimvute kwa mkono mmoja wala ubavu. Kuvutwa kwa mstari ulionyooka humpindisha mgongo kidogo kuliko kunyanyuliwa na vijana wanne, kila mmoja na kiungo chake.

Kama kuna nafasi, mgeuzeni kama gogo, kipande kimoja. Mmoja kichwani. Watatu wapige magoti upande mmoja: wa kwanza begani, wa pili nyongani, wa tatu miguuni. Wa tano awe tayari na ubao, mlango uliong'olewa, au meza ya genge lako iliyoondolewa miguu. Anayetoa amri ni yule wa kichwani, na ni yeye peke yake. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na sijaona mahali ambapo msemo huo unatimia kama kwenye ajali. Atahesabu moja, mbili, tatu. Wote wamgeuze kwa pamoja kuelekea kwao, ubao uingie chini yake, kisha wamrudishe juu yake kwa hesabu nyingine. Mfungeni kwa vitenge kifuani, nyongani na magotini. Kanga mbili zilizoviringishwa zikae pande zote za kichwa, na yule wa kichwani asiondoke.

Wazee wetu wa mlimani wamekuwa wakishusha wagonjwa kwa machela tangu kabla ya barabara: miti miwili, blanketi au magunia katikati, vijana wanapokezana bega kwa bega mpaka bondeni. Ujuzi wa kubeba kwa utulivu tunao, basi. Ila machela ya nguo hubonyea katikati na kumkunja mtu, kwa hiyo kwa aliyeumia mgongo tandikeni mbao juu yake kwanza.

Chombo cha kumsafirisha ni kile kitakachomlaza: kirikuu, pikapu, au Noah iliyokunjwa viti. Bajaji haimlazi. Bodaboda inamfaa aliyevunjika mkono na anayeweza kukaa mwenyewe. Kwa aliyeumia mgongo, kichwa au aliyepoteza fahamu, mshikaki haufai kabisa, hata kama hospitali iko karibu. Ni afadhali kungoja robo saa mkimtafutia pikapu huku damu imebanwa, kuliko kuondoka sasa hivi akiwa amekaa. Mwambieni dereva kwamba mwendo wa taratibu kwenye mashimo ni sehemu ya tiba. Anayemsindikiza awe mtu aliyeona ajali, amweleze muuguzi saa ilipotokea, alivyoanguka, kama alipoteza fahamu, alisema nini kuhusu miguu, na saa kitambaa kilipofungwa. Mwenzake atangulie kupiga simu hospitali.

Sasa hao waliokaa pembeni kwa kuogopa polisi. PF3 ni fomu ya polisi kwa ajili ya kumbukumbu na ushahidi. Serikali imeshasema zaidi ya mara moja kwamba mgonjwa wa dharura ahudumiwe kwanza, fomu ifuate. Ili msibishane na mtu mlangoni, gawaneni: mmoja na majeruhi hospitali, mwingine kituo cha polisi kuichukua. Mkikutana na anayegoma kumpokea, ombeni kwa adabu kuonana na mganga mfawidhi au daktari wa zamu. Kuandika maelezo kama shahidi si kushtakiwa. Mwenye wajibu mzito zaidi ni dereva aliyehusika, kwani Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka asimame, asaidie na atoe taarifa. Ila ninyi mnaotazama mnao wajibu wenu: msimpige dereva, kwa sababu mkimpiga hatasimama mwingine, na msiruhusu mtu aguse simu wala pochi ya aliyelala. Picha nazo ziacheni. Yule aliye mtaroni ana mama.

Kuhusu kijana, nenda kamwone, tena wiki hii. Kukaa kwako mbali kunathibitisha maneno ya mama yake mdogo, na kunamwongezea kijana upweke. Usiende kutafuta akusamehe ili wewe upumzike. Huo ni mzigo mwingine unamtwisha. Mweleze kwa ufupi: nilikuwepo, nilipiga kelele unyanyuliwe kwa kuogopa usife, sikujua namna nyingine, na sasa nimejifunza. Akikasirika, msikilize. Mama yake mdogo pia usibishane naye mbele za watu. Ana uchungu, na uchungu hutafuta wa kumlaumu.

Halafu uliza kinachohitajika, maana kinahitajika kingi. Mtu asiyesikia miguu hahisi ngozi inapokufa, hivyo vidonda vya kulalia vinaweza kumpata bila yeye kujua na vikamletea maradhi mabaya kuliko ajali. Akiwa kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, ngozi ikaguliwe kila siku matakoni, kwenye visigino na kiunoni, shuka liwe kavu. Akiwa amekaa ajiinue mara kwa mara kwa mikono. Mkojo nao una utaratibu wake ambao familia lazima ifundishwe na muuguzi. Kliniki za mazoezi ya viungo asizikose, na kama rufaa inahitajika, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndiyo inayoshughulika na majeraha ya aina hii. Wewe mwenye genge unaweza kuwa na zamu yako ya kumgeuza mchana mama yake akienda shamba, na wale vijana wa kijiwe wanaweza kuchangia nauli. Hilo litamfaa kuliko machozi yako ya usiku.

Kazi ya mwisho ni ya mtaa wenu mzima. Tarehe 6 Mei 2017, basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilipotumbukia korongoni huko Karatu, watu 35 walifariki. Miongoni mwa waliosimama kusaidia walikuwamo Wamarekani wa kujitolea, wenye ujuzi wa tiba, waliokuwa wakipita njia hiyo. Watoto watatu walinusurika, wakasafirishwa baadaye kutibiwa Sioux City, Iowa. Ilikuwa bahati kwamba wenye ujuzi walipita. Kwenye kona yenu bahati hiyo msiingoje, kwa sababu wanaopita kila siku mnawajua: ni bodaboda wa kijiweni. Kampala, Uganda, waliliona hilo wakafundisha polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa, yaani wale ambao ajali huwakuta tayari wako barabarani. Mwombeni mwenyekiti wa mtaa awaandikie Chama cha Msalaba Mwekundu au Zimamoto waje siku moja wawafundishe. Wekeni gengeni kwako ubao mmoja wa urefu wa mtu, kanga chakavu zilizofuliwa na mkasi. Andikeni ukutani namba za simu za wenye kirikuu na pikapu wa karibu.

Na mpaka wakufunzi watakapokuja, shemeji yako ndiye awe mwalimu wa kwanza pale kijiweni. Afundishe alichofundishwa, kushika kichwa, kubana damu, kumzuia mtu asinyanyuliwe ovyo. Mume wako, ambaye hawezi kuona mtu akiachwa afe, asimamie zoezi la ubao na hesabu ya moja, mbili, tatu. Wote wawili watakuwa wamepata haki yao, na wewe utakuwa umepata jibu lako: majeruhi mnambeba, ila mnambeba mwisho, mkiwa watano, kwa amri ya mmoja.